Shangazi, fundi ni shemeji yangu na ukuta wa sebule una ufa

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tabata kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu. Mwaka jana mwezi wa tisa tuliamua kuongeza chumba chenye choo ndani kwa ajili ya mama yangu. Magoti yanamsumbua, hawezi tena kukaa peke yake Korogwe. Tukaona pia tubomoe ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili tupate nafasi. Mume wangu akasema kazi apewe mdogo wake, ambaye ni fundi. Tulikubaliana kwa mdomo ufundi shilingi 2,800,000, vifaa tununue wenyewe. Mpaka sasa ameshachukua 2,200,000. Chumba cha mama kimeishia kwenye linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ukuta wa sebule kaubomoa upana wa mita 3 na kuna ufa juu yake. Tangu kabla ya Krismasi hajaonekana, nasikia yuko saiti nyingine Kigamboni. Simu yangu hapokei. Nahisi na tofali ametuibia, maana tulinunua 500 na jirani anasema chumba kimoja kinakula 300. Nikisema tumtoe, mume wangu ananiambia nataka kumdhalilisha ndugu yake. Mama anakuja mwisho wa mwezi wa pili. Nifanye nini? Mama Wawili, Tabata."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekwama kwenye maneno manne uliyoyapita mbiombio: kuna ufa juu yake. Ya shemeji tutayafikia. Kwanza huo ufa.

Leo jioni chukua tochi uutazame vizuri. Ufa mwembamba kama unywele ulio kwenye lipu tu hauna haja ya kukukosesha usingizi. Lakini ukiona umeanzia kwenye kona ya pale palipobomolewa, ukapanda mshazari kama ngazi kwa kufuata viungo vya tofali, ujue mzigo wa juu umekosa pa kukalia. Chora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, uandike tarehe pembeni. Kesho kutwa ukiukuta umevuka mstari, unatembea. Halafu mtu apande darini aangalie kama kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimekalia ukuta ule. Kwenye nyumba nyingi ukuta wa katikati nao hubeba paa, na fundi aliyeubomoa bila kuweka linta kwanza amekosea, awe ndugu au asiwe ndugu.

Usisubiri kikao cha ukoo kwa hili. Tafuta fundi yeyote wa karibu aweke mirunda, yaani nguzo za miti za kuegemeza, chini ya uwazi huo: mbao ya inchi 2 kwa 6 ilazwe juu, nyingine sakafuni, mirunda isimame katikati yake na ikazwe kwa kabari. Ni kazi ya nusu siku. Watoto wasicheze hapo. Kisha mhandisi aje aone, mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sababu uwazi wa mita 3 hauwekewi linta kwa kukisia. Yeye ndiye atakayesema nondo ngapi na za milimita ngapi. Linta ikishamwagwa imwagiliwe maji siku 7, na mirunda ikae wiki tatu hata kama fundi anaihitaji kwingine. Atakuja kuiomba siku ya nne, nakwambia mapema. Mnyime.

Sasa tofali. Hapa nitamtetea shemeji yako, maana umeshamhukumu kwa hesabu ya jirani. Hukuniandikia vipimo vya chumba, basi nachukua chumba cha kawaida cha mita 4 kwa 3.5 kilichoegemea nyumba ya zamani. Kuta mpya za nje ni tatu, jumla mita 11. Kuta za choo cha ndani weka mita 3.5. Kwa kimo cha mita 2.8, ukitoa madirisha na mlango wa choo, unabaki na takriban mita 37 za mraba. Mita moja ya mraba inakula tofali 9 hadi 10 za kawaida za saruji, kwa hiyo hapo ni kama 350. Msingi je? Kozi nne tu, yaani safu nne, za tofali zilizosimama kwa mita 14.5 zinameza nyingine 125 au zaidi. Ongeza zilizovunjika wakati kirikuu kinashusha, umeshafika 500. Jirani yako huenda alijenga chumba kidogo, bila choo, au hakuhesabu kilichozikwa ardhini. Pima chako kwa futi ya chuma ufanye hesabu hii mwenyewe, ila kumbuka hii ni ya chumba kizima: chako kimeishia kwenye linta, kwa hiyo tofali za juu yake uzitafute saiti. Kama inakaribia, futa neno wizi kabla halijafika kwa mama mkwe, kwa sababu likishafika huko, ufa wa sebule utakuwa ndio mdogo.

Basi kama hajaiba, kwa nini kakimbia? Tazama namba zako. Mmeshamlipa 2,200,000 kati ya 2,800,000, na bado hajapaua, hajapiga lipu, hajamwaga sakafu, hajaweka bomba wala vigae, na sebule ndiyo hiyo. Kazi iliyobaki ni kama nusu, hela iliyobaki ni laki sita. Laki sita hiyo alipe saidia fundi, ale, apande daladala mwezi mzima. Kigamboni kuna advansi mpya mkononi. Fundi wa mtaani hana mtaji. Anamalizia saiti ya jana kwa hela ya saiti ya leo, na mwenye nyumba aliyelipa mbele ndiye anayesahaulika wa kwanza. Sisemi amefanya vizuri. Nasema angekuwa mtu baki, kwa mpangilio huo wa malipo, angeondoka vilevile.

Na hapo mwanangu, wewe na mumeo mna sehemu yenu. Nina hakika hamkumpa 2,200,000 kwa hatua za kazi. Alipiga simu mtoto anaumwa, mkatuma. Kodi ya nyumba imefika, mkatuma. "Shem, nitupie laki na nusu, Jumatatu naingia saiti." Ndivyo ilivyokwenda, au nakosea? Mkichanganya msaada wa ndugu na malipo ya fundi kwenye mfuko mmoja, hakuna atakayejua nani anamdai nani.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii, baada ya mirunda, ni kukaa na simu yako na daftari. Fungua ujumbe wa miamala mmoja mmoja, andika tarehe, kiasi, na alichoomba. Palipo na ugonjwa wa mtoto, mwulize mumeo: hii tulimsaidia, au tulimlipa? Mumeo ajibu mwenyewe. Zile atakazosema ni msaada, ziondoke kwenye hesabu ya ufundi na yeye ndiye azifidie ili nyumba iishe. Nalisema hili bila kumung'unya: anayetaka heshima ya ndugu yake ilindwe ana haki kabisa, ila gharama yake isitoke kwenye chumba cha mama mkwe wake.

Pili, mwite fundi mwingine, asiyetaka kuirithi kazi hii, apime kilichosimama na aseme kingegharimu kiasi gani kwa ufundi wa mtaa wenu. Mlipe muda wake. Ukiwa na karatasi hiyo na lile daftari, ndipo mumeo ampigie mdogo wake. Wewe usipige tena. Kaka yake ndiye aliyemleta, na simu ya kaka ataipokea. Wakutane pale pale saiti, mchana, na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote, au mjumbe. Msilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kijana akishaaibishwa mbele ya shangazi na binamu zake, hatarudi hata kuchukua mwiko wake.

Mumwekee njia mbili. Anarudi, na kazi iliyobaki inaandikwa upya kwa hatua: kupaua, bomba na mfumo wa maji taka, lipu, sakafu, vigae. Kila hatua ina bei yake na inalipwa ikishaisha na kukaguliwa, na asilimia 10 ya jumla mnaishika mpaka mwezi mmoja baada ya kukabidhi. Au haji, na mnaandikishiana hapo hapo kwamba kazi imeishia hapa, amelipwa kiasi hiki, anadaiwa au anadai kiasi hiki. Wote watie sahihi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya sheria yetu, na ujumbe wa simu ni ushahidi, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya namna hii bila kulazimika kuwa na wakili. Ila kwa kiasi hiki na undugu huu, mimi nisingekwenda huko kabla ya kikao cha saiti kushindikana kabisa.

Mimi moyo wangu unaniambia atachagua kuondoka. Mkimtafuta mwingine, muulizeni cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kama anacho, lakini msiishie hapo. Awapeleke kwenye nyumba mbili alizozimaliza, muongee na wenyewe. Daftari la CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, lina makandarasi waliosajiliwa kwa madaraja, la kwanza hadi la saba. Fundi anayefanya kazi peke yake kwa kawaida humkuti humo, kwa hiyo macho yako na maneno ya waliomtumia ndiyo usajili wake. Hamkuniandikia kuhusu kibali cha kuongeza chumba. Kama hamna, anzeni kwa mtendaji wa kata awaelekeze halmashauri ya jiji, kabla hamjapandisha bati.

Bati lenyewe litangulie mengine yote. Masika ya Dar yanaanza mwezi wa tatu, na pale paa jipya linapokutana na ukuta wa zamani ndipo maji hupenya. Simama mwenyewe uone panavyozibwa.

Halafu choo cha mama. Hapa naongea kwa uchungu. Nilipokarabati bafu langu, fundi alimaliza vigae Jumamosi, nikampa hela yote akaenda zake. Jumapili nimeoga, maji yote yakaelekea mlangoni, yakapita chini ya kizingiti hadi kwenye godoro la mtoto. Sakafu ilikuwa imelalia upande usio na tundu. Vigae vizima vipya vilivunjwa kwa nyundo, na vingine nilinunua mimi. Tangu hapo sakafu ya bafu naikagua kabla ya vigae: unamwaga ndoo ya maji kwenye zege, unakaa kimya unatazama. Yote yakimbilie kwenye tundu, pasibaki dimbwi hata la kiganja. Vigae viwe vile vya kukwaruza, visivyoteleza, na mlango uwe mpana wa kumpitisha mama na mtu anayemshika. Bomba la chuma la kujishikilia karibu na choo lifungwe kwenye ukuta wa tofali, na mwambie fundi mapema litakapokaa.

Mwisho wa mwezi wa pili hutawahi, mwanangu. Mwambie mama ukweli, na kama hawezi kusubiri Korogwe, aje. Usimlaze sebuleni penye mirunda. Mpe chumba chako kilicho karibu na choo, wewe na mumeo hamieni kwa watoto mpaka bati lipande. Mumeo akilalamikia godoro la chini, mkumbushe ampigie mdogo wake.