Ticha, historia haiingii kichwani: majibu kwa wanaosubiri pepa la mwisho

Maswali yamejaa, na mengi yanafanana kwahiyo mengine nimeyaunganisha, majina nimeyatoa maana wengi mmeomba hivyo. Twende.

Shikamoo ticha. Nimebakiza wiki sita, nina madaftari manne yamejaa na sijarudia hata moja. Nianzie wapi?

Marahaba. Popote, ila sio daftari la kwanza ukurasa wa kwanza. Nimeona watu kibao wanaijua mada ya kwanza mpaka wanaiota, ya mwisho hawajawahi kuigusa, sababu kila wakiamua "sasa naanza kusoma serious" wanarudi mwanzo. Chukua silabasi, andika mada zote kwenye karatasi moja, alafu bila kufungua daftari andika chini ya kila mada kile unachokumbuka, dakika tano tano tu. Itauma kidogo maana utakuta mada uliyodhani unaijua ina mistari miwili. Sasa palipobaki peupe ndio pa kuanzia.

Na hiyo ya kufunga daftari na kuandika usiifanye siku ya kwanza tu, ndio iwe staili yako ya kusoma mpaka mwisho. Kuna utafiti wa 2006 wa Roediger na Karpicke kule Marekani, wanafunzi walipewa kipande cha kusoma, wengine wakakirudia kukisoma na wengine wakakiweka pembeni wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa juu, lakini baada ya wiki moja mambo yakageuka, walioandika wakawaacha mbali. Ndio maana usiku unafunga daftari unajiona umeiva, ukifika kwenye chumba cha mtihani kichwa kimekauka. Macho yanalizoea neno, hayo sio maarifa bado.

Miaka hainikai kabisa. 1884, 1890, 1914, zote naona namba tu.

Ni namba tu kama umezikariri moja moja kama namba za simu. Zifunge pamoja zivutane. Mfano vita ya kwanza ya dunia: Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary, anauawa Sarajevo (mji wa Bosnia) tarehe 28 Juni 1914, Austria-Hungary inatangaza vita na Serbia tarehe 28 Julai, yaani mwezi mmoja kamili, alafu ndani ya wiki moja inakuwa kama bao limemwagwa: Ujerumani na Urusi tarehe 1 Agosti, Ujerumani na Ufaransa tarehe 3, Uingereza inaingia tarehe 4 baada ya Wajerumani kuvuka kuingia Ubelgiji. Na mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani? 28 Juni tena, 1919, miaka mitano kamili toka yale mauaji. Ukishaiona hiyo huwezi kuisahau hata ukitaka.

Usikariri kila tarehe pia. Kwa mada moja miaka nane mpaka kumi inatosha, ile ambayo ukiitoa hadithi inavunjika. 1929 uchumi wa dunia unaanguka, 1933 Hitler anakuwa chansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani, hapo katikati kuna watu mamilioni hawana kazi, kwahiyo ile miaka minne yenyewe ni hoja.

Mtego mmoja mdogo: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya 1917 kwa kalenda tunayotumia sisi yalikuwa Novemba, maana Warusi walikuwa nyuma siku 13. Ukikuta vitabu viwili vinapishana mwezi usidhani kimoja kimekosea.

Nasoma sana, najaza kurasa nne za esei, napata nusu ya maksi. Mwalimu anaandika "umesimulia tu". Kwani historia si kusimulia?

Hili limeulizwa na watu wengi kuliko yote na ndio hasa linalowaangusha wengi, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza nikwambie, na mimi yalinikuta. Mtihani wa majaribio mwaka wangu wa mwisho, swali likauliza mauaji ya Sarajevo yalichangia kwa kiasi gani kutokea kwa vita. Mimi nilikuwa na sababu saba za vita ya kwanza nimezimeza kama dawa, nikaona neno "Sarajevo" na "vita" basi nikazimwaga zote saba kwa mpangilio, muungano wa mataifa, silaha, makoloni, sijui nini. Nikatoka natabasamu. Pepa likarudi na mstari mmoja mwekundu: "Majibu mazuri ya swali lingine." Mpaka leo nauona ule mwandiko.

Sasa tuchukue swali linalopendwa sana: "Mkutano wa Berlin ndio uliogawanya Afrika. Jadili." Wa kusimulia anaanza hivi: "Mkutano wa Berlin ulifanyika kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885, uliitishwa na Bismarck, chansela wa Ujerumani, mataifa 14 yalihudhuria na hakuna Mwafrika aliyealikwa." Yote ni kweli, hakuna kosa hata moja, na hajajibu kitu. Swali limetoa dai, yeye ameleta taarifa ya kikao.

Wa kujibu anauliza kwanza, hivi ni kweli? Kabla ya mkutano Ufaransa ilishachukua Tunisia 1881, Uingereza imeingia Misri 1882, mpelelezi Stanley alikuwa Kongo anasainisha machifu mikataba kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Ujerumani yenyewe ilishadai Togo, Kamerun na Kusini Magharibi mwa Afrika (Namibia ya leo) huo huo 1884. Kwahiyo mbio zilishaanza. Kule Berlin wakakubaliana biashara huru bonde la Kongo, meli kupita mto Kongo na Niger, na kwamba anayedai eneo jipya la pwani awataarifu wenzake na aonyeshe kweli analikalia. Mipaka mingi yenyewe ilikuja kuchorwa baadae kwa mikataba ya wawili wawili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ambapo Ujerumani iliiachia Uingereza Zanzibar ikachukua kisiwa cha Heligoland. Basi sentensi yake ya kwanza inakuwa: "Mkutano wa Berlin haukuanzisha mgawanyo wa Afrika wala haukuchora mipaka mingi, ila uliweka sheria zilizoongeza kasi ya mbio zilizokuwa zimeshaanza."

Umeona? Miaka ni ile ile, majina yale yale, tofauti sasa kila moja lina kazi. Msahihishaji akisoma hiyo sentensi anajua huyu anaelekea wapi. Kila aya anza na hoja yako, alafu lete ushahidi, alafu malizia kwa kuirudisha kwenye swali. Ukiandika mwaka ambao hausaidii hoja, futa tu, hata kama ulikesha kuukariri (najua, roho inauma).

Na angalia kitenzi cha swali. "Eleza", "jadili", "linganisha", "kwa kiasi gani", kila moja linataka kitu chake. "Linganisha" ukiandika nusu ya kwanza nchi A na nusu ya pili nchi B umeandika esei mbili fupi, linganisha maana yake nchi zote mbili zikutane kwenye kila aya.

Maswali ya vyanzo yananichanganya. Wanatupa barua au hotuba ya zamani, wanauliza inaaminika kiasi gani, mimi naandika "haiaminiki kwasababu mwandishi anapendelea upande wake". Nakosea wapi?

Unaishia njiani. Kila mtu anapendelea upande wake, hata shangazi yako akisimulia ugomvi wa jana. Jiulize nani kaandika, lini, anamwandikia nani na anataka nini, alafu ujiulize huo upendeleo wenyewe unaniambia nini.

Mfano mtamu ni mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Italia na mfalme Menelik wa Ethiopia. Kifungu cha 17, nakala ya Kiamhari ilisema Menelik *anaweza* kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine, nakala ya Kiitaliano ikasema *lazima* aitumie, yaani kwa lugha moja ni rafiki na kwa lugha nyingine ni koloni. Ukiwa na nakala ya Kiitaliano peke yake huwezi kuitegemea kujua Menelik alikubali nini, ila kujua Italia ilikuwa inataka nini hakuna chanzo kizuri kuliko hicho. Ugomvi ule ukaishia vita ya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, Italia ikapigwa. Kwahiyo andika "kinaaminika kwa hiki, hakiaminiki kwa kile", na unukuu maneno mawili matatu kutoka kwenye chanzo chenyewe, watu wengi wanasahau hilo, wanajadili barua kama vile hawajaisoma.

Nimepiga hesabu ya pepa za nyuma nikaona mada fulani haijatoka miaka mitatu, nisome hiyo tu si ndio?

Hapana bwana. Kuotea kunakupa raha mpaka asubuhi ya mtihani. Ukitaka kupunguza mzigo punguza kwa akili: angalia una uchaguzi wa maswali mangapi kila sehemu, alafu ziwepo mada mbili zaidi ya unazohitaji ambazo umeziivisha. Pepa za nyuma zina faida kubwa kuliko hiyo, chukua swali, weka saa, andika, alafu lisahihishe na mwongozo wa kusahihishia kama unapatikana. Esei mbili kwa wiki za namna hiyo ni bora kuliko kusoma daftari lote mara tatu.

Ticha habari za kazi. Mimi ni mzazi, binti yangu anafanya mtihani mwaka huu na mimi historia niliiacha zamani sana. Namsaidiaje?

Nzuri mama, na nafurahi umeuliza. Kutokujua kwako ndio msaada wenyewe. Mwambie akae akuelezee mada kama mtu asiyejua chochote, na wewe kazi yako ni kuuliza "kwanini?" tu. Akikwambia watu waliasi wakati wa Maji Maji 1905, uliza kwanini wakati huo, akisema sababu ya kulimishwa pamba kwa nguvu, uliza kwanini makabila ambayo hayakuwa yanaelewana yakaungana, hapo ataleta mganga Kinjeketile na ile dawa yake ya maji. Akikwama kwenye "kwanini" ya pili au ya tatu hapo ndipo ana shimo, arudi daftarini. Ila usimsahihishe wala usimkemee, na ukiona amechoka muache alale.

Muda huwa unaniishia, swali la mwisho naandika mistari mitatu.

Sababu la kwanza unaliandika kama barua ya mapenzi. Piga hesabu kabla: masaa matatu ni dakika 180, toa 10 za kusoma pepa na kupanga na 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160, kama ni esei tano ni dakika 32 kila moja. Dakika zikiisha acha nafasi, hamia swali lingine, hata kama ulikuwa katikati ya aya tamu. Maksi za mwanzo za swali jipya zinapatikana kirahisi kuliko zile mbili za mwisho unazozipigania kwenye swali la zamani. Muda ukikubana kabisa, andika hoja zako kwa ufupi kwa vistari, watu wengi wanaacha peupe na peupe haisahihishwi.

Usiku wa kuamkia pepa nikeshe?

Usikeshe. Pitia karatasi yako moja moja ya kila mada, weka kalamu mbili na kitambulisho kwenye begi, lala.

Nikisahau mwaka kabisa kwenye chumba cha mtihani nibunie?

Usibuni mwaka, mwaka wa uongo unaonekana mbali. Sogea nyuma kidogo mpaka mahali unapopajua kwa uhakika. Hukumbuki Ukuta wa Berlin umejengwa mwaka gani? Andika "mwanzoni mwa miaka ya 1960", ni kweli na inatosha. Hukumbuki hata hiyo? Andika "baada ya vita ya pili ya dunia, Ujerumani ikiwa imeshagawanyika", maana mpangilio wa matukio una uzito kuliko namba. Endelea na hoja, usikae hapo unang'ata kalamu, na mara nyingi ule mwaka unarudi wenyewe ukiwa kwenye swali lingine, kwahiyo acha kanafasi kadogo pembeni. Ni 1961.