Je, mkanda wa kiunoni utanikinga?

SWALI: Mimi ni saidia fundi wa ujenzi, na kila siku hubeba mifuko ya saruji ya kilo 50 na makarai ya zege. Kwa miezi kadhaa sasa kiuno hunikaza kila ninapoinuka baada ya kuinama, na jioni siwezi kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Wenzangu wananishauri ninunue mkanda wa kiunoni. Je, utanisaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, ninakuomba usinunue kwanza. Mwaka 1994, NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ilieleza kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mikanda hiyo humkinga mfanyakazi asiumie mgongo. Mimi naihofia zaidi kwa sababu humtia mtu ujasiri wa kubeba mzigo ambao bila mkanda asingeugusa.

Taasisi hiyohiyo huweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa mtu mmoja katika hali bora kabisa, yaani mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye usawa wa mapaja, na mbebaji akiwa hajajipinda. Mfuko wako umezidi mara mbili kabla hata hatujatazama unavyonyanyuliwa. Aghalabu huwa umelazwa sakafuni. Mtu huuinamia magoti yakiwa yamenyooka, akauvuta kwa mikono iliyonyooshwa, kisha, nyayo zikiwa palepale, akageuza kiwiliwili ili autue kwenye toroli. Kuinama huku umejipinda ndiko kunakozielemea diski za gegedu zilizo kati ya pingili za kiuno, hasa mbili za chini kabisa.

Kwa hiyo zungumza na msimamizi wako, nawe una haki ya kufanya hivyo, ili saruji ishushwe juu ya mbao zilizoinuliwa kufikia mapaja, na kila mfuko ubebwe na watu wawili. Toroli lisogezwe hadi ubavuni mwa mfuko, nawe ugeuke kwa kupiga hatua. Karai lijazwe nusu. Safari zitaongezeka, lakini mgongo utazistahimili. Asubuhi anza na kazi nyepesi kwa muda wa nusu saa, kwa kuwa diski hufyonza maji usiku na kuvimba kidogo, hivyo huumia kwa urahisi unapoinama.

Maumivu ya miezi kadhaa yanastahili kuchunguzwa na daktari, ingawa kulala kitandani siku nyingi hakutakuponya. Endelea kutembea kadiri unavyoweza. Lakini ukihisi ganzi baina ya mapaja, kwenye sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu, au ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.