Usiuze kiwanja kwa sababu ya tarehe

Mdogo wangu, umeuliza kama uuze kiwanja chako cha Mbagala kwa kuwa mhubiri ametaja tarehe ya mwisho wa dunia. Usiuze. Yesu mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Fungua Mathayo 24:36.

Mwaka 1844 wafuasi wa mhubiri William Miller, kule Marekani, walimngoja Bwana Oktoba 22. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Kukapambazuka, wakalia. Na walimpenda Mungu kweli, ndiyo maana inaniuma.

Ufunuo uliandikiwa makanisa 7 ya Asia, Uturuki ya leo. Jiulize kwanza wao walielewa nini, kabla hujatafuta chapa ya mnyama, ile 666 ya Ufunuo 13, kwenye simu. Halafu soma 2 Wathesalonike 3, Paulo anawaagiza wafanye kazi. Ada ya mtoto lipa.