Uliza imetengenezwa wapi kabla ya kuuliza bei

Msomaji wa Arusha ameniandikia kwa uchungu. Alinunua viatu Nairobi, kufika Namanga akatozwa ushuru wa forodha, sasa anauliza Jumuiya ya Afrika Mashariki ina faida gani. Jibu lilikuwa kwenye soli: viatu vimetengenezwa China. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya hufuata nchi bidhaa ilikotengenezwa, haufuati duka ulikonunua.

Basi soma lebo kwanza: kiwanda, nchi, na alama ya ubora, KEBS kwa Kenya au UNBS kwa Uganda. Kisha omba risiti inayotaja kila bidhaa, idadi na thamani yake. Risiti iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali" imewakwamisha wengi, maana afisa hana cha kulinganisha na mzigo, hivyo anakadiria mwenyewe.

Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa palepale mpakani cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha kwamba bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya. Huhitaji wakala. Lakini cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. VAT iko palepale, na kwa Tanzania ni asilimia 18. Mbegu, mimea na nafaka zinahitaji pia kibali cha afya ya mimea. Usifungashe kwenye mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Lugha nayo ina kazi yake hapa. Muuzaji wa Nairobi akikwambia "leta pesa", hajakudharau, ndivyo wanavyozungumza. Nawe Mkenya ukifika Kariakoo, "nataka ile" bila salamu husikika kama amri. Salimia, mzee mpe shikamoo, halafu "naomba kuona ile". Usitamke neno "feki" mbele ya wateja wa muuzaji, utamfunga mdomo. Wala usimtegee jibu kwa kusema "hii ni ya Kenya, eti?", kwa sababu atakubali tu ili auze. Sema, "Samahani kaka, hii imetengenezwa wapi?" kisha nyamaza aseme mwenyewe.

Kwa afisa wa forodha ni vivyo hivyo. Usianze na "mnatuonea". "Samahani afisa, naomba unielekeze hesabu hii imepatikanaje" inamlazimu akuonyeshe thamani aliyotumia na kiwango cha ushuru, nawe utaona kama kuna kosa. Ukishalipa, usiondoke dirishani kabla ya kusoma kiasi kilichoandikwa kwenye stakabadhi.