Mfadhili ameondoka, watoto wapo

SWALI: Mimi ni katibu wa kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu hapa Muheza. Tuna watoto 23, wengi wana mtindio wa ubongo. Tangu 2016 mfadhili mmoja wa nje ndiye aliyelipa karibu kila kitu: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, uji, nauli za mama zao. Sasa ametuandikia kwamba mradi umefungwa. Tumebakiwa na fedha za miezi minne. Kamati inataka tukope halmashauri tufuge kuku wa mayai. Mimi nasita. Tufanyeje?
Katibu, Muheza

JIBU: Pole sana, dada yangu. Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, barua za namna hii hazijakoma kunifikia.

Endelea kusita. Nilikuwa mweka hazina wa kituo cha yatima miaka 11, na sisi tulifuga. Vifaranga 300. Kideri kiliwakuta wiki ya tisa: Ijumaa wanadonoa, Jumatatu tunachimba shimo la kuwazika. Na hata kabla ya kideri, mlezi alikuwa anashinda bandani badala ya kushinda na watoto, na pumba tulinunua kwa fedha ya uji. Daftari lile bado linaniuma.

Mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu), hauna riba, lakini hurejeshwa. Unamfaa mama ambaye biashara yake tayari inatembea. Wasaidieni mama wa watoto hao waunde kikundi wakope wao. Mwenye kipato atajilipia nauli.

Ninyi pigeni hesabu ya mtoto mmoja kwa mwezi mmoja. Kwetu ilitoka shilingi 38,000. Kwa hesabu hiyo niligonga milango: msikitini, kanisani, stendi, sokoni. Kwenu kuna wenye mashamba ya machungwa. Wafuateni msimu wa mavuno, si kabla. Sikuomba "chochote ulichonacho". Niliomba mtoto mmoja, mwezi mmoja. Fundi cherehani mmoja aliniambia 38,000 haiwezi, akachukua uji peke yake: 6,000 kila tarehe 5. Alilipa miaka sita, hakuruka hata mwezi. Mfadhili wetu alipoondoka, watu 40 wa aina yake ndio waliotubeba.

Fedha ziingie kwenye lipa namba yenye jina la kituo, kamwe si simu ya mwenyekiti. Kila mwezi bandikeni getini kilichoingia na kilichotoka, makosa yakiwemo. Mwezi mmoja niliandika kwamba gesi imetuzidi 52,000. Mwenye duka la gesi akasoma, akaja kutupangia bei nyingine.

Mkilazimika kupunguza, mtaalamu wa mazoezi awe wa mwisho kuguswa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikosa kunyooshwa viungo, misuli hukaza, na kuirudisha ni kazi ngumu mno. Afadhali siku mbili kwa wiki kuliko sifuri, na mama wafundishwe kumnyoosha nyumbani.

Tena mjibuni mfadhili wiki hii hii. Ombeni kwa maandishi vitanda vya mazoezi, viti na friji vibaki kwenu, kabla hajaja mtu na orodha ya kuvihesabu.