Neno "kutafakari" lilinipoteza

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ni jambo gani watu wengi hulielewa vibaya kuhusu meditesheni?" Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonipoteza.

Tumezoea kuiita kutafakari. Lakini kutafakari ni kulichukua jambo na kuligeuzageuza akilini mpaka ulione undani wake. Basi siku za mwanzo nilipoketi na kufumba macho, nilitafakari kweli: ada za watoto, presha ya mama, hesabu za kufunga mwezi. Nikainuka kichwa kimejaa kuliko nilivyokaa. Rafiki akanisahihisha kwa kosa jingine: niache kuwaza kabisa, akili iwe tupu. Hapo ndipo nilipoteseka. Kila wazo lililopita nililihesabu kuwa nimeshindwa, na baada ya wiki tatu nikaacha, nikiamini mambo haya si yangu.

Kilichonirudisha ni neno moja tu. Wabuddha huliita zoezi hili kwa neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao: sati, na asili ya neno hilo ni kukumbuka. Unaangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Akili inaondoka, ndiyo kawaida yake. Inakwenda sokoni, inakwenda kubishana na bosi. Mara unakumbuka: kumbe nilikuwa kwenye pumzi! Unarudi, bila kujikaripia. Kule kukumbuka ndiko zoezi lenyewe. Ukipotea mara hamsini ukarudi mara hamsini, hujashindwa hata mara moja.

Sisi wa pwani tunalo neno la karibu, dhikiri, ambalo kwa Kiarabu nalo ni kukumbuka. Sisemi ni kitu kimoja. Dhikiri ni ibada, anayekumbukwa ni Mungu. Kuangalia pumzi anaweza mtu wa dini yoyote. Ila nilipomsimulia shangazi yangu, mtu wa dhikiri tangu usichana wake, hakutaka maelezo marefu. "Moyo huzurura, mwanangu. Unaurudisha."

Wengine hudhani ni kazi ya watawa waliojitenga milimani. Mimi ni mhasibu, na ndiyo maana nampenda U Ba Khin wa Burma, ambayo leo ni Myanmar. Nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1948, yeye ndiye aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali, na aliwafundisha zoezi hili wafanyakazi wa ofisi yake mwenyewe. S. N. Goenka, aliyezieneza duniani kozi za siku kumi, alikuwa mfanyabiashara aliyejifunza kwake.

Na tafadhali, mgonjwa asiambiwe atupe vidonge. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Meditesheni ilipunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haikuonekana kuzishinda dawa wala mazoezi ya mwili.

Tena si kila mara huleta utulivu. Ukinyamaza, yaliyofunikwa huibuka. Mimi alinijia baba, miaka sita baada ya kumzika, nikalia asubuhi nne mfululizo. Nikasimama kwanza, nikaenda kuzungumza na mshauri nasaha. Niliporudi nilikaa dakika tano tu, macho wazi, mkono kifuani, na alipokuja tena nilimwacha akae kidogo, kisha nikarudi kwenye pumzi.