Kabla hujalipia hilo godoro "gumu la mgongo", liweke kwenye mizani

Usilipe. Hata kama umeshaacha advansi, hela iliyobaki usiimalizie kesho.

Umeandika kwamba umehamia Mbeya kutoka Dar, una kilo 85, mgongo unakuuma ukiamka, na unatafuta godoro la sponji la futi tano kwa sita, inchi nane, lisiwe gumu sana wala laini sana. Halafu muuzaji wa Mwanjelwa akakushawishi uachane na hilo la kati, uchukue lile gumu kabisa, eti ni "haidensiti" (yaani densiti kubwa) na ndilo dawa ya mgongo. Umeuliza na habari za godoro la memori, chaga, bei na mengine. Nitajibu nitakayoyakumbuka, maana nilipofika kwenye hiyo "haidensiti" damu ilichemka.

Mkuu, huyo jamaa anakuchanganyia vitu viwili. Densiti ni uzito: mita moja ya ujazo ya hiyo sponji ina kilo ngapi. Ugumu ni nguvu inayotakiwa kuibonyeza. Ni vitu tofauti kabisa. Kiwandani wanaweza kutoa sponji nyepesi mno lakini ngumu, ukiibonyeza dukani inakurudisha kiganja, na wanaweza kutoa sponji nzito ambayo ni laini. Ugumu unakuambia utalalaje wiki hii. Densiti ndiyo itakayokuambia mwakani godoro litakuwa bado godoro au limegeuka beseni.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno. Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu imekolea, na mama watoto amechoka kulalia godoro la ujana wangu. Kijana wa dukani akapanda juu ya godoro na viatu vyake akaanza kurukaruka. "Bosi, ona, halibonyei! Hii ni haidensiti, ortopediki, hata madaktari wanashauri." Nikalibonyeza kwa kiganja kama mjuzi. Gumu kweli. Nikauliza warantii. "Miaka mitano, bosi, wewe tu." Nikatoa laki tatu na ushee, nikamshukuru "ndaga fijo" kwa furaha, nikalipakia kwenye guta mpaka Uyole. Njiani yule wa guta akalibeba peke yake kichwani kuvuka mtaro, anapiga na simu. Hapo ndipo ningeshtuka. Godoro la watu wawili wazima, mtu mmoja analibeba huku anapiga stori na mchumba wake! Mimi nikaona kijana ana nguvu.

Hivi jamani, sisi watu wa nyanda hizi tumekuwaje? Gunia la viazi tunagombana mpaka jasho linatoka kwa sababu ya lumbesa, mchele wa Kyela tunakodolea macho mshale wa mizani usizidi wala usipungue, halafu godoro la laki tatu tunalipima kwa kiganja na tabasamu la muuzaji.

Kufika Krismasi lilikuwa limekwisha. Silisemi kwa kutia chumvi: mtoto akiuweka mpira wake pembeni ya godoro, unaviringika wenyewe hadi katikati na kutulia pale. Upande wangu ulibonyea ukatengeneza shimo la umbo langu, nyonga inagusa chaga, na mama watoto akilala anateleza kuja kwangu hata siku tulizonuniana. (Faida pekee niliyoipata.) Asubuhi nasimama kwa awamu: kwanza magoti, halafu mkono kwenye ukuta, halafu mgongo wenyewe ukiamua.

Na hela haikuishia kwenye bei ya godoro. Niligeuza kichwa kikaenda miguuni, nikapindua juu chini, nafuu ikawa ya muda mfupi. Nikanunua plaiwudi nikatandika juu ya chaga, shimo likabaki palepale kwa sababu lilikuwa ndani ya sponji, si kwenye kitanda. Nikaziba kwa mablanketi yaliyokunjwa. Nikanunua na sponji nyembamba ya kutandika juu, nayo ikafuata umbo la shimo. Nikaenda kukandwa mgongo hospitali. Jumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha mara moja nikaacha, presha ni ya nini.

Nikarudi dukani. Warantii? "Bosi, warantii ni ya mshono kufumuka, kubonyea haimo." Nikamwambia hilo hukulisema siku ile. "Risiti unayo?" Ninayo, imeandikwa "godoro 1", basi. Akaniangalia kuanzia juu mpaka tumboni: "Labda ni uzito wako, bosi." Uzito wangu! Siku ya kuniuzia, yeye ndiye aliyekuwa anarukaruka juu ya hilo godoro. Na winga aliyenipeleka pale, ambaye ni jirani yangu wa kusalimiana kila siku, akaniambia mambo ya biashara hayana undugu. Nilikuja kusikia kwamba alikula kamisheni. Bado tunasalimiana, ila nimefupisha salamu.

Nilipokuja kulipima ndipo nilipojua nimepigwa. Nilivua kava, nikaikunja sponji na kuifunga kamba, nikaipeleka kwa mama mmoja mwenye mizani ya kupimia mchele. Mshale ulipanda ukasimama kabla ya kilo kumi. Mama akacheka mpaka akashika kiuno: "Kaka, umenunua upepo kwa laki tatu?"

Sasa nisikilize vizuri. Chukua urefu kwa futi, zidisha upana kwa futi, zidisha unene kwa inchi, gawanya kwa 424. Unapata mita za ujazo. Godoro lako: 6 × 5 × 8 = 240, gawanya kwa 424, ni kama 0.57. Kisha chukua kilo za sponji, gawanya kwa hiyo 0.57. Langu la kilo kumi kasoro lilitoa kama 17. Kilo 17 kwa mita ya ujazo ni sponji ya kukalia kwenye benchi la harusi, si ya kulaza watu wazima kila siku ya Mungu. Kwa kilo zako 85 mimi nisingeshuka chini ya 28, na ningependa 30 kwenda juu. Maana yake sponji ya futi tano kwa sita inchi nane iwe na kilo 16 au 17 bila kava. Ile ya sita kwa sita inchi nane iwe kama 20. Muuzaji akikuambia haidensiti na mizani inasema 11, iamini mizani.

Mizani utaitoa wapi? Mkuu, upo Mbeya! Sokoni hukosi mwenye mizani, mpe hela kidogo atakupimia. Ukiona aibu, chukua ile ya kusimama ya nyumbani: simama mwenyewe, soma, kisha simama umelikumbatia godoro, mtu mwingine akusomee, toa ya kwanza kwenye ya pili. Kava nene la kushonewa lina uzito wake, kwa hiyo omba zipu ifunguliwe. Duka likikataa kufungua zipu, likikataa na mizani, umeshajibiwa, toka. Mimi siku hizi natoka bila hata kuaga.

Najua atatokea mjuaji hapa chini aseme uzito unachakachuliwa. Kweli. Kuna sponji inayochanganywa unga wa chokaa ili iwe nzito na ngumu, na kuna magodoro ya vipande vya sponji vilivyogandishwa pamoja, mazito kama mlango. Ndiyo maana nakwambia zipu ifunguliwe. Vipande utaviona kwa macho, rangi mchanganyiko. Ya unga, sugua ukingo uliokatwa kwa vidole uone kama vinabaki na vumbi, kisha ibonyeze ngumi mpaka chini uachie. Sponji nzuri inarudi mara moja. Ile inabaki inajifikiria. Lakini kwa nilichokiona, wengi wanaopigwa hapa mjini hawapigwi kwa uzito bandia. Wanapigwa kwa sababu hakuna aliyepima.

Haya, ugumu. Ulikuwa sahihi kabla hujashauriwa vibaya. Hilo la "gumu ndiyo dawa ya mgongo" ni la zamani na limekwama vichwani. Kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2003: watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini, wengine wakapewa godoro gumu, wengine la ugumu wa kati, wakafuatiliwa siku 90. Wa godoro la kati ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na hata katika shughuli zao za mchana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa ananikanda ndiye aliyenieleza sababu. Ukilalia ubavu, bega na nyonga ndivyo vimetokeza. Godoro gumu kama sakafu haliviachi vizame, kiuno kinaning'inia hewani na bega linakufa ganzi. Laini mno nyonga inazama na uti wa mgongo unapinda. La kati linaviacha vizame kiasi, na kiuno nacho kinashikwa.

Kwa hiyo usibonyeze kwa kiganja. Kiganja hakina nyonga. Vua viatu, lala ubavu kama unavyolala kwako, robo saa nzima, wakucheke wakitaka. Nenda na shemeji, naye alale, maana nimeona umemtaja kwenye swali lakini hujasema ana uzito gani. Akiwa nyuma yako aangalie mstari wa uti wa mgongo, unatakiwa unyooke kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kisha lala chali upitishe mkono chini ya kiuno. Ukipita kama mlango umeachwa wazi, ni gumu mno kwako. Ukigoma kabisa kupita, umezama. Na ujue sponji mpya hulegea kidogo wiki za mwanzo, kwa hiyo ukiwa katikati ya mawili, chukua lililo gumu kidogo. Kidogo, nimesema. Si lile la kurukiwa na viatu.

La memori, lile ukibonyeza alama ya mkono inabaki: tatizo lake huku kwetu ni baridi. Sponji ile inalainika kwa joto na kukakamaa kwa ubaridi. Pale dukani mchana jua likiwa limewaka utaliona kama pamba, mwezi wa saba usiku ukipanda kitandani unakuta ubao mpaka mwili ulipashe. Wa Njombe na Makete watakuelewesha zaidi. Kama lina tabaka jembamba tu la memori juu ya sponji nzito, sawa. Hata hilo lipime.

Chaga zisiachane sana, nafasi isizidi upana wa kiganja, la sivyo sponji inazamia katikati yake. Fundi yeyote atakuongezea mbili tatu.

Kulikuwa na swali la rangi ya kava na lingine nimelisahau, samahani, nilishapandwa na jazba. Na majina ya maduka sikuandikii, kwa sababu duka lililoniuzia upepo lina jirani yake mzuri tu, na wote wanasema "haidensiti" kwa sauti ileile.

Kesho ukifika usianze na bei. Anza kwa kuuliza, "Mizani iko wapi?" uone sura itakavyobadilika. Ukishapima, rudi hapa uandike futi, inchi, kilo, na kama kava lilikuwa limevuliwa. Bila kilo usije kuniuliza kama ni zuri.